Siku ya Kumulika

Jicho hakuwahi kukosea yai. Ndivyo alivyosema yeye, na kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa na kwa miaka mingi, mtaa mzima uliamini. Watu walimletea mayai kutoka mbali, trei juu ya trei, wakilipia nafasi katika mashine zake mbili za kutotolea vifaranga, na siku ya saba walirudi kumtazama akifanya kile kilichompa jina. Alifunga mlango wa chumba kidogo kisicho na dirisha, akawasha taa iliyofungiwa ndani ya kopo lenye tundu, akaliweka yai juu ya tundu. Yai lililo hai huonyesha mishipa myembamba kama utando wa buibui, na katikati yake doa jeusi linalochezacheza. Tupu huwa jeupe kama kibofu cha maji. Wengine huligeuza yai, huliinamia, hulitazama mpaka macho yatoe machozi. Jicho alitazama mara moja. "Hai," alisema, au "Tupu," na mkono ulikuwa umeshafika kwenye trei au kwenye ndoo kabla neno halijaisha.

"Tupu halina haja ya huruma," aliwaambia wateja. "Linakula joto la wenzake."

Mkewe alikuwa na kazi isiyo na watazamaji. Yeye ndiye aliyelinda joto. Aligusa mlango wa mashine kwa kiganja akajua kama nyuzi zimeshuka. Alijaza maji kwenye sinia za chini ili hewa isikauke, aligeuza trei kwa zamu, na umeme ulipokatika yeye ndiye aliyefika wa kwanza kwenye jenereta, ndala moja nyekundu na nyingine ya bluu. Wateja walimwita Mama Vifaranga. Jina lilianza kama utani, na mwaka wa kwanza wa ndoa lilikuwa tamu. Mwaka wa saba lilikuwa kama kokoto ndani ya kiatu: hakuna aliyeliona, naye alitembea nalo kutwa.

Katika miaka hiyo saba, minne aliimaliza kwenye mabenchi ya hospitali akiwa peke yake. Alipimwa damu, akapimwa mirija ya uzazi ikaonekana iko wazi, akameza vidonge vilivyomtia kichefuchefu. Kila daktari aliuliza habari za mume, na kila mara alijibu kwamba mume ana kazi nyingi. Dada yake Jicho, mwenye watoto watano na ulimi uliofanya kazi ya ndimi kumi, alipita kila Jumapili kuuliza kama kuna habari. "Wifi, au na wewe tukuingize kwenye mashine?" alisema siku moja mbele ya wateja. Wateja walicheka. Jicho akacheka nao. Maneno ya wifi yake, Mama Vifaranga aliyasahau. Kile kicheko kimoja cha mumewe hakukisahau.

Mwishowe alielekezwa kwa mtaalamu wa uzazi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye alisoma faili lote kimya, akalifunga, akalisukuma upande wa pili wa meza.

"Nusu ya kazi haijapimwa," alisema. "Usirudi bila yeye."

Jicho alikwenda kwa hasira, kama mtu anayekwenda kuthibitisha kosa la mwingine. Alipewa kikopo chenye jina lake na chumba chenye kiti kimoja na komeo la ndani, na alitoka humo mpole kuliko alivyoingia. Wiki iliyofuata daktari aliwasomea majibu wote wawili. Mbegu zake zilikuwa chache, na katika hizo chache nyingi hazikwenda mbele. Zilizunguka palepale kama nzi aliyefunikwa na glasi. Daktari alisema jambo hilo halimpunguzii mtu uanaume, na kwamba linawapata wengi sana ambao huketi nyumbani wakiwaacha wake zao wapimwe. Jicho aliuliza kama vikopo havikubadilishwa. Havikubadilishwa. Akaomba apimwe tena, akapimwa, majibu yakawa yale yale. Aliyezoea kuhukumu mayai ya watu kwa kupepesa jicho sasa alikuwa amekaa upande wa pili wa taa.

Daktari aliwaeleza njia iliyobaki, taratibu, bila kupamba. Mama atachomwa sindano tumboni kila siku kwa siku kumi au kumi na mbili ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Atapigwa picha za ovari kila baada ya siku mbili tatu. Kisha itakuja sindano moja ya kuyaandaa mayai kutoka, na hiyo ina saa yake kamili, haiongezwi wala haipunguzwi. Atalazwa usingizi mfupi, mayai yatatolewa kwa sindano ndefu, na ndani ya kila yai lililokomaa itaingizwa mbegu moja iliyochaguliwa chini ya darubini. Yatakayorutubika yatakaa kwenye mashine ya maabara siku tano. Kiinitete kimoja kitarudishwa tumboni. Baada ya hapo hakuna anayejua kitu kwa karibu wiki mbili. Kwa umri wao na kwa majibu yao, kila jaribio lilikuwa na nafasi kama moja kwa tatu.

"Mashine yenu iko nyuzi ngapi?" Jicho aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Thelathini na saba."

"Yangu thelathini na saba na nusu. Mnageuza?"

"Hatugeuzi."

"Umeme ukikatika?"

"Jenereta mbili, na betri."

Jicho alitikisa kichwa kukubali, fundi kwa fundi. Kisha akasema, "Lakini moja kwa tatu, daktari. Mimi nikitoa kifaranga kimoja kwa mayai matatu, wateja watanichomea banda."

"Ndiyo maana nawaambia kabla, si baada," daktari alisema. "Nendeni mkafikiri. Na katika kufikiri, fikirini mtaishi vipi isipotokea."

Walifikiri wiki tatu. Kuna siku walifikiri kwa kuzungumza na kuna siku walifikiri kwa kugombana juu ya sinia la maji lililosahaulika. Jicho aliogopa kuwa mtoto atazaliwa na kasoro. Walirudi kumuuliza daktari, akawaambia anayotakiwa kuwaambia, kwamba hakuna mimba ya aina yoyote inayokuja na hati ya dhamana. Mama Vifaranga hakuogopa sindano. Aliogopa kuwa baada ya sindano zote hizo atarudi nyumbani akutane na mwanamume aliyekwisha kuhesabu. Walipokubaliana kuuza mashine moja ili kupata gharama, alitoa sharti lake.

"Nitakayechomwa ni mimi," alisema. "Basi usinihesabie."

Jicho aliapa. Na kweli kwa siku kumi na moja alikuwa mume ambaye hata mkewe hakujua kuwa anaye. Alijifunza kuchoma sindano mwenyewe. Ule mkono uliokuwa mwepesi juu ya yai ulikawia juu ya tumbo la mkewe, akapuliza mahali alipochoma kama anayemtuliza mtoto. Tumbo lilijaa madoa ya zambarau. Siku ya ile sindano yenye saa yake, saa moja kamili jioni, alitegesha saa ya ukutani, ya mkononi na ya simu, halafu akampigia nesi kuuliza sasa hivi ni saa ngapi.

Walitoa mayai kumi na matatu. Hapo kiapo kikaanza kulegea, maana mtu hawezi kufanya kazi ya mayai miaka kumi na mitano halafu aambiwe kumi na tatu akae kimya. Aliiandika namba hiyo kwa chaki ubavuni mwa mashine. Nesi alipiga simu jioni: yaliyokomaa ni kumi. Jicho akafuta, akaandika. Asubuhi: yaliyorutubika ni sita. Akafuta. Siku ya tatu vilibaki viinitete vinne, siku ya tano viwili. Mama Vifaranga alipita na ndoo ya maji, akaiona ile namba mbili imezungukwa na vumbi la namba zilizofutwa. Alilowesha kitambaa akaufuta ubavu wote mpaka bati likang'aa.

Kimoja kilirudishwa tumboni, kingine kikagandishwa. Hilo la kugandisha lilimsumbua Jicho kuliko yote. Kwake yai lililopigwa na baridi lilikuwa limekwisha, na alimuuliza nesi mara tatu kama ana hakika wenzake hawakumaanisha kabati la joto.

"Kaka, tunajua kazi yetu," nesi alisema. Halafu akawapa maagizo, akiyahesabu kwa vidole ili yasisahaulike. Vidonge viwekwe ukeni asubuhi na jioni, bila kuruka hata kimoja, maana ndivyo vinavyoushikilia ukuta wa mfuko wa uzazi. Wasipime nyumbani. Siku ya kumi na mbili waje kupimwa damu. "Na dawa haziachwi mpaka sisi tuseme ziachwe."

Sasa, kila mtu angeweza kukosea katika siku hizo kumi na mbili. Wengine hunyanyua mizigo, wengine hulala chali kama waliovunjika mgongo. Lakini kosa la Jicho lingeweza kufanywa na mtotoleshaji tu. Siku ya saba alirudi kutoka duka la dawa na kipimo cha mimba mfukoni. Hakuona kuwa anavunja maagizo. Siku ya saba ni siku ya kumulika. Hajawahi kuiruka tangu aanze kazi, na ilimjia tu kama njaa ya mchana.

Mama Vifaranga alikataa, kisha akachoka kukataa. Zile dawa zilikuwa zimemvimbisha, zilimliza bila sababu, hazikumpa usingizi, na ndani yake pia kulikuwa na sauti iliyotaka kujua. Alipima. Jicho alikichukua kile kijiti akaingia nacho chumba kisicho na dirisha, akakishika juu ya tundu la kopo. Mstari mmoja. Alitazama mara moja.

"Tupu," alisema.

Alitoka akamkuta mkewe amekaa juu ya kreti, miguu imevimba, macho mekundu. Na hapa lazima asemwe kwa haki: hakuwa na hasira wala lawama. Alichuchumaa mbele yake, akaishika ile miguu, akasema basi, mke wangu, yamekwisha, usijitese tena kwa kitu kisichokuwapo. Alichukua boksi la vidonge akalitupa kwenye ndoo ya maganda. Aliamini anamtua mzigo. Mama Vifaranga aliitikia kwa kichwa, akaenda kugeuza trei.

Siku mbili walizungumza kwa upole wa msibani. Siku ya tisa Jicho alikuwa akizoa taka za bafuni alipoona karatasi ya kidonge, mpya, halafu nyingine. Alizikusanya. Zilikuwa nne, mbili kwa kila siku. Alizibeba kiganjani mpaka uani, ambako mkewe alikuwa akiwatupia kuku wa nyumbani pumba.

"Nilikwambia uache."

"Ulinambia."

"Mimi nimekiona kile kipimo. Nimekiona kwa macho yangu."

Mama Vifaranga alipangusa mikono kwenye gauni. "Hawa kuku," alisema, "unajua walitoka wapi?"

Jicho alisema anajua, walinunuliwa. Alisema hivyo kwa sababu hakuwahi kuwafikiria. Kuku wa uani walikuwa wapo, kama ukuta ulivyo hapo.

"Hatujawahi kununua kuku, Jicho. Wewe na mimi tununue kuku?" Akaanza kuwaonyesha kwa kidole. Yule mweupe mwenye ukucha uliopinda ni wa mwaka wa pili wa ndoa. Wale madoadoa wawili walitoka wiki moja, kutoka kwa trei ya yule mwalimu mstaafu. Jogoo yule mwenye kelele, anayemwamsha Jicho kila siku mpaka anatukanwa, alikuwa kwenye ndoo, chini ya maganda, bado vuguvugu. Walikuwa tisa wote. Alikuwa akiyaokota mayai ambayo mkono wake ulisita kuyaacha, akiyaweka kwenye lile sanduku la kutotolea kwa joto la taa, ambalo yeye mwenyewe alianzia kazi kabla hajaolewa, lililo stoo, ambalo mumewe alidhani anakaushia majani.

Jicho aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Jogoo alimpita mbele kwa madaha, kana kwamba ameelewa.

"Miaka sita," alisema. "Na hukunambia."

"Ungeacha kujiamini. Na wateja wanafuata jicho lako, hawafuati mkono wangu." Alisema bila ukali. "Na mara nyingi uko sawa. Nimeokota mamia, nimepata tisa. Jicho lako ni zuri, mume wangu. Lakini hawa tisa wanakula pumba."

"Na hili?" Aliinua zile karatasi. "Hili unadhani ni la kumi?"

"Sidhani kitu. Nimekwambia usinihesabie, na mimi sijihesabii. Nesi alisema siku ya kumi na mbili. Mashine huzimwa siku yake, haizimwi kwa sababu mtu amechungulia."

Angeweza kugomba. Alikuwa mwepesi wa kugomba. Lakini aliwatazama kuku, mmoja mmoja, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama yai, na kila mmoja alikuwa neno lake mwenyewe limeota miguu. Jioni ile alimletea maji na kidonge kwenye kisahani. Mkewe alimkumbusha kuwa hakimezwi, wakacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Siku ya kumi na mbili walipimwa damu, wakasubiri kwenye viti vya plastiki mpaka nesi alipowaita pembeni. Alisema homoni ya mimba ipo, lakini ni ndogo. Warudi keshokutwa. Ikiwa imeongezeka maradufu, wataendelea. Ikiwa imeshuka, basi.

"Ndogo maana yake ndiyo au hapana?" Jicho aliuliza.

"Ndogo maana yake ni ndogo, kaka."

Hizo siku mbili zilimfunza kitu ambacho hakikuwamo katika kazi yake, kukaa na neno ambalo si hai wala si tupu. Ilikuwa siku ya kumulika kwa mteja mmoja, mwenye trei sita. Jicho alimulika taratibu mpaka mteja akauliza kama taa imeharibika. Ndoo ilipata kumi na nane. Mayai manne aliyashika, akayarudia, halafu akayaweka pembeni kwenye bakuli, akamwita mkewe ayapeleke stoo. Hakueleza, naye hakuulizwa.

Dada yake alikuja Jumapili kama kawaida, akaketi, akaomba maji, akauliza kama kuna habari au wifi bado anawalea kuku wa watu. Mama Vifaranga aliangalia sakafu. Jicho alikuwa akifunga trei kwa kamba, na hakuacha kufunga.

"Dada, mwenye tatizo ni mimi," alisema. "Nilipimwa, mara mbili. Yeye hana kasoro. Ukitaka kuuliza, niulize mimi, na usiulize mbele ya wateja."

Dada alimaliza maji yake. Alipoondoka alimwekea wifi yake mkono begani kwa muda mrefu kidogo kuliko kuaga kunavyohitaji, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Jumatatu namba ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Nesi aliwaambia wasishangilie bado. Mimba changa huweza kutoka, na zinazoanza chini huangaliwa zaidi. Wiki tatu baadaye watapigwa picha, hapo ndipo patajulikana kama kuna moyo. Wakarudi nyumbani na vidonge vingine, asubuhi na jioni, na Jicho hakuandika chochote ubavuni mwa mashine.

Chumba cha picha kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Daktari alipozima taa, Jicho alikijua chumba hicho. Aliijua harufu ya hewa iliyofungiwa na jinsi mtu anavyoshusha pumzi mwanga unapowaka mahali pamoja tu. Mama Vifaranga alikuwa amelala, ameshika ukingo wa kitanda. Kioo cha mashine kilijaa kijivu, ukapita weusi, daktari akatafuta, akatulia.

"Wewe ndiye fundi wa kumulika," daktari alimwambia Jicho. "Unaona nini?"

Aliona. Aliona mara moja, kama kawaida yake. Katikati ya ule weusi palikuwa na kitu kidogo kama punje, na ndani ya punje doa lililokuwa likicheza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alilizuia, na kulizuia kulimchukua nguvu kuliko kunyanyua jenereta.

"Muulize mwenye joto lake," alisema.

Daktari aligeuza kioo. Mama Vifaranga aliinua kichwa, akakunja uso kama anayesoma maandishi madogo. Hakuwa mwepesi, hajawahi kuwa mwepesi. Aliomba daktari asogeze kidogo kushoto, kisha arudishe. Daktari alisogeza, akarudisha. Jicho alisimama ukutani na mikono yake miwili isiyo na kazi, akasubiri, wala hakuna aliyemharakisha mkewe, mpaka macho yake yaliporidhika.

"Hai," alisema.